Mwanga Huanzia Chini ya Boneti

Mwenye pikapu akifika kwa fundi wa umeme wa magari pale Kosele na kusema anataka kuongezewa taa, fundi anayeijua kazi yake haanzi na taa. Humwambia afungue boneti. Mteja amekuja na spotilaiti mbili mpya ndani ya boksi, au mwambaa wa LED alioununua Kisumu, na macho yake yako kwenye bampa, anawaza zitakapokaa zionekane vizuri. Fundi yeye ameinama kwenye betri, kipima volti mkononi. Injini inaunguruma, taa kubwa zimewashwa mchana kweupe. Anapima betri: volti 13.8. Anapenyeza ncha ya kipimo nyuma ya soketi ya taa: volti 12.4. Anamgeukia mwenye gari na kumuuliza, kwa upole wa mtu anayelijua jibu, "Jaduong', zile volti nyingine zimekwenda wapi?"

Zimeliwa njiani. Katika pikapu nyingi za zamani, umeme wa taa hutoka kwenye betri, ukapita fyuzi, ukaingia ndani hadi kwenye swichi ya usukani, kisha ukarudi tena mbele hadi kwenye balbu. Ni safari ndefu kwenye waya mwembamba. Swichi imechakaa, na waya wa ethi umefungwa kwa skrubu kwenye bati lililoshika kutu. Kila kituo kinatoza ushuru wake. Na balbu ya halojeni haisamehi: volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga haupungui kwa asilimia 10, hupungua kwa karibu 30. Kwa hiyo kuna magari yanayotembea usiku na theluthi moja ya mwanga wake imebaki ndani ya nyaya ikizipasha moto, huku mwenyewe akilaumu balbu na kununua nyingine.

Dawa ni rilei. Kijisanduku hicho cha bei ndogo kina miguu minne yenye namba 30, 85, 86 na 87, namba utakazozikuta kwenye rilei nyingi. Umeme mzito hutoka moja kwa moja kwenye betri, ukapita fyuzi, ukaingia 30 na kutokea 87 kuelekea kwenye taa, kwa waya mnene na mfupi. Swichi ya zamani haibebi tena mzigo huo. Inapeleka umeme mdogo tu, chini ya robo ya ampea, kwenye 85 na 86, kuiambia rilei iunganishe njia. Fundi akimaliza hilo na kukwangua pale waya wa ethi ulipofungwa hadi bati ling'ae, taa za kiwandani huamka. Wapo wateja ambao hapo hapo hurudisha spotilaiti kwenye boksi. Wapo pia, nao ni wengi, wanaokasirika kwamba wamelipia kitu kisichoonekana.

Mimi niko upande wa kisichoonekana. Ukitaka kumpima fundi wa umeme, usiangalie taa alizofunga. Angalia nyaya zake zinavyopita: kama zimevikwa mpira pale zinapotoboa bati, kama hazigusi ekzosi, kama fyuzi iko karibu na betri badala ya kuwekwa mwisho wa safari ambako haitazuia moto wowote. Spotilaiti mbili za wati 55 huvuta zaidi ya ampea 9. Mbili za wati 100 zinakaribia 17. Umeme wa kiasi hicho ukikutana na waya wa redio uliofungwa kwa tepu, harufu itakufikia kabla ya mwanga.

Kosele iko jirani na Oyugis, kusini mwa Nyanza, nusu digrii hivi kutoka ikweta. Hapa jua halina desturi ya kuaga kwa muda mrefu. Mwaka mzima linazama mnamo saa kumi na mbili na nusu jioni au baada ya hapo kidogo, na kabla hujamaliza chai ni usiku kamili, usiku wenye urefu wa takriban saa kumi na mbili, Januari kama Julai. Biashara haiwezi kusubiri asubuhi. Viazi vitamu vya Kabondo vinachimbwa mchana na kusafirishwa vikiwa vibichi. Samaki wa Kendu Bay hawajui kungoja. Pikapu inaondoka shambani gizani, inatambaa kwenye njia ya udongo mwekundu hadi lami, na huko lami hakuna afueni bali hatari za aina nyingine: bodaboda iliyokufa taa ya nyuma, ng'ombe aliyejilaza palipo na joto, mtu aliyevaa koti jeusi akitoka matangani. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde.

Hapo ndipo watu hufikiri jawabu ni mwanga mwingi, na hapo ndipo kazi inapoanza kuwa sanaa. Mwanga una tabia ya kusambaa. Ukitaka kitu kilicho umbali mara mbili kiangazwe sawasawa, kwa taa ya umbo lile lile, unahitaji mwanga mara nne. Kwa hiyo anayetaka kuona mbali haongezi tu, anakusanya: spotilaiti yenye kioo cha ndani kirefu hutupa mwali mwembamba unaofika mbali, wakati mwambaa wa LED wa bei poa humwaga kila upande, ukaangaza nyasi, boneti na mita kumi za kwanza za barabara hadi ziwe nyeupe kama sahani. Dereva anafurahi. Macho yake yamezoea weupe ule wa karibu, mboni zimejifunga, na ng'ombe wa mbali amezidi kuwa mweusi. Taa imeongezwa na kuona kumepungua. Mafundi wazuri nimewaona wakiziba kwa makusudi sehemu ya chini ya mwanga wa taa, na wateja wao wakifikiri wanaibiwa.

Halafu kuna kulenga, na hapa ningependa kukaa kidogo, kwa sababu sijaona kazi nyingine ya gereji yenye utulivu kama hii. Fundi husubiri kiza. Anatafuta ukuta mweupe na mahali palipo sawa, jambo ambalo Kosele si rahisi, kisha anarudisha gari nyuma mita 10. Anachora kwa chaki mstari ulio kwenye urefu wa taa, na mwingine sentimita 10 chini yake. Ukingo wa juu wa mwanga wa dimu unatakiwa ukae kwenye mstari wa chini: mwanga unashuka sentimita moja kwa kila mita. Upande wa kushoto, ukingoni mwa barabara, ukingo huo hupanda kidogo ili umulike wanaotembea kwa miguu. Upande wa kulia hulala chini ili usimchome anayekuja. Ndiyo maana taa iliyotengenezwa kwa nchi zinazopita kulia, kama Rwanda au Kongo, au kipuri kilichovuliwa Dubai, haifai hapa hata iwe nzuri namna gani. Mabega yake yamepinda vibaya. Inainua mwanga upande wa kulia na kumpofusha anayekuja.

Lakini pikapu haiendi kazini ikiwa tupu. Pakia magunia ya viazi nyuma, springi zilale sentimita 6 kwenye gari ambalo magurudumu yake ya mbele na ya nyuma yameachana mita 3, na pua imeinuka sentimita 2 kwa kila mita. Ule mteremko wa sentimita moja umegeuka kuwa mpando wa sentimita moja. Kwenye mita 50, mwanga uliotakiwa kuwa nusu mita chini ya taa sasa uko nusu mita juu yake, yaani usoni mwa dereva wa Probox anayekuja. Yeye anakupiga ful kukulaumu, wewe unaapa kwamba uko kwenye dimu, na wote wawili mnasema kweli. Fundi wa mjini hulenga taa kama gari lilivyo. Wa huku humuuliza mteja anabeba nini, na kama ni viazi, humwambia aje na viazi. Umewahi kuona pikapu imesheheni magunia, imesimama mbele ya ukuta wa shule saa mbili usiku, na watu wawili wakibishana juu ya mstari wa chaki? Hiyo ndiyo elimu yenyewe.

Mbinu hizi hazikuzaliwa jana. Mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, magari yalianza kushindana kuvuka Kenya, Uganda na Tanganyika katika mbio ambazo baadaye ulimwengu uliziita Safari Rally, na kwa miongo mingi usiku ulikuwa sehemu ya mashindano. Katika mashindano ya 1963 na ya 1968, tope lilipochukua wengi, ni magari saba tu yaliyomaliza kila mwaka, na Nick Nowicki alishinda yote mawili kwa Peugeot 404. Joginder Singh alishinda mara tatu, Shekhar Mehta mara tano. Ukitazama picha za magari ya Safari ya miaka ya 1980 na 1990 utaona taa za ziada zimekaa juu ya madigadi, ambako maji ya mto na tope la bampa havifiki kirahisi. Vijana wa leo huiga mkao huo kwa urembo. Mkao mwingine wanaoupenda, wa juu ya paa, nauonea shaka zaidi: kwenye vumbi la Januari taa ya paani humulika vumbi mbele ya macho yako mwenyewe. Kwa vumbi na ukungu, taa hukaa chini, mwanga wake mpana na mfupi.

Rangi nayo ina wapenzi wake. Ufaransa iliwalazimisha madereva watumie taa za manjano tangu miaka ya 1930 hadi 1993, kwa imani kwamba hazichomi macho. Wataalamu bado wanabishana. Ninachojua ni kwamba udongo mwekundu huurudisha vizuri mwanga wa halojeni wenye joto ndani yake, wakati mwanga wa LED wa kibuluu huufanya uonekane kama majivu, na mashimo hukosa kivuli cha kuyatofautisha.

Hata hivyo, kuipinga LED hapa kungekuwa unafiki. Ziwa liko karibu, na wavuvi wa omena ndio waliotangulia kusoma somo la taa. Omena huvuliwa usiku wa giza kwa kuvutwa na mwanga. Mwezi ukijaa, kazi hulala. Karabai za mafuta ya taa ziliimulika kazi hiyo kwa miaka mingi, zikila faida ya mvuvi na kuvunjika vioo kwa tone la maji. Mwaka 2008 kampuni ya Osram ya Ujerumani, ambayo jina lake mafundi wanalijua kutoka kwenye boksi za balbu za magari, ilifungua Mbita kituo cha kuchajia taa za wavuvi kwa umeme wa jua. Leo LED imetapakaa ziwani. Nyuma yake kuna kazi ya Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, waliopata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kutengeneza LED ya buluu, kwani bila hiyo nyeupe tunayoijua isingewezekana.

Tatizo ni kuichukua balbu ya LED na kuisokomeza kwenye taa iliyoumbwa kwa ajili ya halojeni. Reflekta ile ilichorwa kwa kuhesabu mahali hasa ulipo uzi wa balbu, kwa milimita. Vidonge vya LED vikikaa kando kidogo, au vikiwa vipana kuliko uzi, ukingo wote wa mwanga unavurugika, na mstari wa chaki ukutani hauonekani tena, kuna wingu tu. Anayetaka LED na anunue taa nzima iliyoundwa hivyo. Ni ghali, na fundi anayekuambia hivyo anajipunguzia biashara.

Imebaki swichi. Wateja wengi hutaka spotilaiti ziwe na swichi yake pekee, waziwashe wapendapo. Fundi ninayemsifu hapa huchukua waya wa kuamsha rilei kutoka kwenye waya wa ful. Maana yake, spotilaiti haziwezi kuwaka taa kubwa zikiwa kwenye dimu, na ukimwona mwenzako anakuja, kidole kimoja kinazima kila kitu kwa pamoja. Swichi ya dashibodi anaifunga pia, lakini hiyo ni ya kuzizima tu, haina uwezo wa kuziwasha peke yake. Bwana mmoja mwenye Hilux alibishana naye hadi chai ikapoa: gari ni langu, pesa ni zangu, taa ni zangu. "Ni zako kweli, omera," fundi akamjibu, "lakini macho yatakayopofuka si yako." Yule bwana akauliza kama bei itapungua. Haikupungua, kwa sababu waya wa kutoka ful ni mrefu zaidi na unataka rilei ya pili. Akalipa, akanung'unika, akaondoka, na juma lililofuata akamleta shemeji yake mwenye Isuzu.