WATU WOTE: MPAKA MWENZETU AFE NDIPO TUMWAMINI?

Huenda baadhi ya wasomaji wakashangaa kuona filamu ikihakikiwa katika jarida ambalo wamezoea kukuta humo riwaya, tamthilia na ushairi. Mimi sioni kosa. Filamu ina msuko, ina wahusika, ina dhamira, na mtazamaji huondoka nayo na funzo, liwe zuri au baya. Isitoshe, hii ninayokusudia kuihakiki, Watu Wote (2017), iliyoongozwa na Bi. Katja Benrath wa Hamburg Media School, Ujerumani, inazungumza Kiswahili na Kisomali, na ilifika hadi kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2018. Tumeisifu mno. Swali langu ni kama tumeisifu kwa sababu zinazofaa.

Kisa chenyewe kimetokana na tukio la kweli. Tarehe 21 Desemba 2015 wanamgambo wa Al-Shabaab walilishambulia basi lililokuwa likielekea Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, wakataka abiria wajitenge: Waislamu huku, Wakristo kule. Waislamu wakakataa. Baadhi ya akina mama waliwapa wenzao Wakristo hijabu wajisitiri, na abiria wakawaambia washambulizi ama wawaue wote ama wawaache wote. Mwalimu Salah Farah, aliyekuwa miongoni mwa waliokataa, alipigwa risasi, akafariki hospitalini Januari 2016. Uzito wa kukataa huko hauonekani ila tukikumbuka yaliyotangulia. Novemba 2014 abiria 28 walitengwa na kuuawa baada ya basi lao kutekwa karibu na Mandera. Aprili 2015, katika Chuo Kikuu cha Garissa, waliuawa watu 148, wengi wao wanafunzi kama sisi, na huko nako watu walibaguliwa kwa dini.

Hapa ndipo filamu inapofaulu. Inatuonyesha kwamba gaidi huanza kwa kuchora mstari. Risasi hufuata baadaye. Abiria wakikataa kuuvuka mstari huo, mpango wake wote huvurugika. Basi, kwa mtu wa kawaida asiye na bunduki wala cheo, jibu la kwanza ni hilo: kukataa kuchambuliwa kama mchele.

Hata hivyo, nina ugomvi na filamu hii katika suala la mtazamo. Mhusika mkuu ni Jua, mwanamke Mkristo aliyepoteza mume na mtoto mikononi mwa Al-Shabaab. Jina lenyewe ni la kimajazi, kana kwamba tunaamrishwa tujue. Tunapanda basi tukiwa ndani ya hofu yake. Waislamu tunawatilia shaka pamoja naye, na mwishowe tunawaamini pamoja naye. Na tunawaamini lini? Baada ya Salah kutoa damu. Kinaya ni kwamba filamu inayopinga mstari imeanza kwa kuukubali: Jua ana haki ya kushuku, na Mwislamu ana wajibu wa kuthibitisha. Sasa jamani, abiria wale wengine, ambao hawakupata nafasi ya kuwa mashujaa, wao tuwaamini kwa hati gani?

Hilo linanipeleka kwenye serikali, ambayo filamu imeiacha ipite kimyakimya. Aprili 2014, ilipoanzisha operesheni iliyoitwa Usalama Watch, serikali ya Kenya ilikamata maelfu ya watu, wengi wao Wasomali wa mtaa wa Eastleigh, Nairobi, na kuwazuilia wengi katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Desemba mwaka huohuo ikapitishwa sheria kali ya usalama. Februari 2015 Mahakama Kuu ikabatilisha vifungu 8 vyake, kikiwemo kile kilichotaka wakimbizi nchini wasizidi 150,000. Wahenga walisema samaki mmoja akioza wote wameoza. Methali hii inafaa kwa muuza samaki. Ikihamia kituo cha polisi, inakuwa ndiyo ileile kazi ya gaidi: kuwapanga watu kwa majina na sura zao.

Mwenzangu mmoja wa darasa alinipinga vikali. "Wewe unataka serikali ikae tu, eti inaogopa kubagua?" La hasha. Nataka ifanye kazi iliyo ngumu zaidi. Garissa, shambulio lilianza alfajiri, na kikosi maalumu kutoka Nairobi kikafika baada ya saa nyingi. Kulinda barabara ya Mandera, kufika mapema, kumfuata mshukiwa kwa ushahidi na kumfikisha mahakamani, hayo yote hayahitaji kumuuliza mtu jina la babu yake. Tena mpashaji habari bora ni jirani, na jirani uliyemlaza Kasarani bila kosa hatakuletea habari.

Baadhi ya wahakiki watasema ninaitwisha filamu fupi mzigo wa riwaya. Pengine. Lakini kazi ya sanaa hupimwa pia kwa kile inachomwachia mtazamaji akifanye, na hapa sina budi kujitolea ushahidi mwenyewe.

Jioni tulipoonyeshwa filamu hii tulitoka ukumbini tukifuta machozi, tukiambiana jinsi ilivyotugusa. Tukafika kwenye lango. Mlinzi akatupungia mkono tupite, akamsimamisha mmoja tu kati yetu, aliyevaa buibui, akamwaga vitabu vyake mezani kimoja kimoja. Sisi tulimngoja upande wa pili. Hatukuwa na hasira, tulikuwa na haraka. Mmoja wetu hata alitania. Hakutokea wa kurudi na kusema, basi pekua mikoba yetu sote. Hakukuwa na bunduki, gharama ingekuwa dakika 5 tu, na bado tulishindwa. Mimi nilikuwa miongoni mwa hao waliongoja.

Kwa hiyo naipendekeza filamu hii, na naomba iendelee kuonyeshwa. Ila mtazamaji asiishie kujiuliza kama angekuwa na ujasiri wa Salah Farah mbele ya risasi. Ajiulize alisimama upande gani wa lango.