Namna ya Kuijua Fomu Inayosoma Vizuri

Ukipewa kukagua fomu ya mtandaoni iliyoundwa kwa jQuery (maktaba ya JavaScript), tuseme ya kusajili wafugaji nyuki wa Sikonge na Urambo, usianze na rangi wala nembo. Nenda kwenye nafasi ya jina uandike Ng'wandu. Fundi anayebandika maneno ya mtumiaji moja kwa moja ndani ya amri, fomu yake itakatikia kwenye ile alama iliyo baada ya Ng. Rudia jina hilohilo kwa simu inayoweka alama iliyopinda. Mfumo ukihesabu watu wawili, kazi bado. Unyamwezini na Usukumani majina ya namna hii yamejaa, na mwenye jina hana kosa.

Kisha namba. Kisanduku cha maandishi kikisomwa kwa amri ya .val() hutoa maandishi, na kwa simu na kitambulisho yabaki hivyohivyo. Namba ya simu inayoanza na 0 ikigeuzwa kuwa namba, sifuri imepotea. Namba ya kitambulisho cha NIDA ni hatari zaidi. Ina tarakimu 20, ilhali JavaScript ina uhakika na namba nzima hadi 9,007,199,254,740,991 tu, yaani tarakimu 16. Ikizidi hapo, tarakimu za mwisho zinaweza kubadilika bila onyo lolote, na mfugaji wa Urambo akawa mtu mwingine. Hilo mimi silisamehe.

Cha kuhesabiwa ni kiasi na bei. Watu huandika 12,500 kwa koma. Amri ya parseInt itasoma 12 na kuendelea na safari. Fundi hodari huondoa nafasi na koma, hukagua, ndipo hugeuza. Tazama pia kipimo. Wafanyabiashara wa misafara ya Bagamoyo na Ujiji walipopita Unyanyembe, pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila, takriban kilo 16, na muuzaji na mnunuzi walielewana. Fomu inayopokea “3” ya asali bila kusema ni debe au kilo haijasoma kitu.

Kisanduku cha tiki hakisomwi kwa .val(), kwa kuwa jibu ni lilelile kiwe na tiki au kisiwe nayo; mjuzi hutumia .prop('checked').

Na seva ikague yote upya, maana ukaguzi wa kivinjari hurukwa kirahisi. Fomu ikiharibu jina au namba ya NIDA, irudishe kwa fundi, hata kama mengine yote ni safi.