Tiketi ya nusu bei na viti vya nyuma

Jumamosi nilienda Katuba na baba mukubwa kutazama "Une saison au Congo", ule mchezo wa Aimé Césaire juu ya Lumumba. Kundi la vijana wa mtaa ndilo liliucheza.

Mlangoni bei ni franka 6.000. Mwenye karte ya mwanafunzi analipa 3.000, na mkaaji wa Katuba vilevile, anaonyesha tu karte yake ya uchaguzi. Baba mukubwa akapita na 3.000. Mimi nakaa Ruashi na karte yangu ya chuo ilishakufa zamani. Lisansi ya agronomi haipunguzi hata franka moja, nikatoa 6.000 yote.

Ile bei ya nusu ilifanya kazi, nasema wazi. Sijaonaga bamama wa soko wengi hivi mbele ya Césaire. Lakini viti vya plastiki vya mbele vilikuwa vya 6.000, na wa 3.000 walipelekwa kwenye mabanko ya nyuma, karibu na jenereta. Micro hakuna. Niliacha kiti changu nikaenda kukaa na mzee.

Mwanzo ulikuwa mzuri kabisa. Lumumba anauza bia ya Polar kule Léopoldville, na yule kijana akashuka katikati ya watu, akawatolea chupa, akawatania. Sale nzima ilicheka. Kisha akarudi juu, na kutoka hapo akapiga kelele mpaka mwisho, hata pale anapaswa kuwa peke yake na woga wake. Mokutu alicheza vizuri kumushinda: sauti ya chini, haharakishi. Uliogopa.

Shida kubwa ni ile Kifaransa. Césaire alikuwa mshairi wa Martinique, maneno yake ni mazito hata kwa sisi wa lisansi. Baba mukubwa kila mara: "Anasema nini?" Nikawa namutafsiria polepole sikioni, mpaka bwana mmoja wa viti vya mbele akageuka: "Silence, tafadhali!" Tukanyamaza. Wakati wa kupumzika, mabanko mawili yalibaki wazi.

Sisi wa agronomi tunaijua hii. Unauza mbegu ya mahindi nusu bei, hauelezi mtu nafasi ya kupanda wala wakati, kisha unashangaa shamba liko tupu. Na wanasemaga mkulima ndiye mvivu.

Kinachoniuma ni kwamba dawa walikuwa nayo mkononi. Kuna yule mpiga sanza anayepita kati ya matukio. Huyo walimuacha aseme Kiswahili cha hapa kwetu, na kila alipoingia, nyuma kuliamka, bamama wakamujibu. Kwa nini yeye peke yake? Lubumbashi ni mji wa Mufwankolo! Watu wa hapa walizoea teatre ya Kiswahili kwenye redio na televisheni tangu wazazi wetu. Wangeacha hotuba ya tarehe 30 mwezi wa 6 katika Kifaransa, sababu ilisemwa hivyo mbele ya mfalme. Yale ya bia, ya gereza, ya watu wa barabarani, yote yangeingia Kiswahili bila shida.

Na huu mchezo unafika mpaka kwetu. Ndege ilimushusha Luano tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka 1961, na usiku uleule wakamuua porini, upande wa Shilatembo. Kule mbele walikuwa wanacheza kifo hicho kwa Kifaransa, na kwenye banko la nyuma kulikuwa mtu aliyekuwa mtoto wa miaka 10 katika mji huu wakati ule.

Tulipotoka, mzee alitembea bila neno mpaka kwenye barabara kubwa. Kisha akaniambia namna baba yake alifunga redio, mwezi wa 2, serikali ya Katanga ilipotangaza kwamba Lumumba alitoroka na wanakijiji wamemuua. "Baba alisema: leo hakuna mtu anatoka inje. Ile ya redio waliionyesha? Kama waliisema, mimi sikusikia."

Wanarudia Jumamosi hii, bei ileile. Ameniomba nikuje tena, ila tukae mbele. Nimeanza kutafuta zile 12.000.