Kati ya Maji: Kitabu cha Padre Aliyechoka na Mapinduzi

Vitabu vilivyotungwa na Wakongomani ni vingi kuliko tudhanivyo, lakini vingi vimeandikwa kwa Kifaransa, navyo havifiki katika nyumba zetu. Kimoja chastahili kuzungumzwa katika parokia za Beni na Butembo, na hasa hapa Oicha, kwa kuwa kinasimulia jambo linalotusumbua sana: habari ya mtu aliyejitoa kwa moyo wote katika mapambano ya siasa, kisha akavunjika moyo na kuyaacha. Kwa Kifaransa kinaitwa Entre les eaux, maana yake Kati ya Maji. Mtungaji wake ni Valentin-Yves Mudimbe. Kilipigwa chapa Paris mwaka 1973, na mwaka 1975 kilipewa tuzo kuu ya Kikatolika ya vitabu.

Kwanza tumjue mtungaji. Mudimbe alizaliwa Likasi, katika Katanga, mwaka 1941. Alilelewa na mapadre tangu utoto wake, akaingia utawa wa Wabenediktini katika monasteri ya Gihindamuyaga, nchini Rwanda, lakini hakudumu huko. Alitoka, akasoma vyuo vikuu, akawa mwalimu mkubwa. Karibu na mwaka 1980 Mobutu alitaka kumweka katika Kamati Kuu ya chama chake cha MPR. Wengi waliililia heshima hiyo. Yeye hakuitaka, akaondoka nchini, akafundisha Marekani mpaka uzee wake. Alifariki huko mwezi wa Aprili 2025. Basi, mambo ya kuingia na kutoka, ya kuitwa na kukataa, hakuyasikia kwa watu tu. Aliyajua mwenyewe.

Sasa tueleze hadithi kwa kifupi, kwa ajili ya wale wasioweza kukisoma. Pierre Landu ni padre Mwafrika aliyesoma Roma. Anaona kwamba Kanisa la nchi yake limekaa karibu mno na wakubwa, na maskini wameachwa peke yao. Dhamiri yake inamchoma. Anaiacha parokia, anaingia porini kujiunga na waasi wanaofuata mafundisho ya Marx, akiamini kwamba huko ndiko Kristu angekuwa, pamoja na wanyonge. Lakini waasi hawamwamini. Kwao yeye ni padre tu, mtu wa upande wa pili. Barua aliyomwandikia Askofu wake inakamatwa, naye anahukumiwa kufa kama msaliti. Anaokoka kwa sababu jeshi la serikali linaishambulia kambi. Hatimaye anaacha upadre, anamwoa mwanamke aitwaye Kaayowa, na maisha hayo nayo hayampi raha. Mwishoni anaingia monasteri ya Wasistersiani, akapewa jina jipya. Ndipo kitabu kinapokwisha.

Twakisifu kitabu hiki kwanza kwa ukweli wake. Mtungaji hapaki asali mahali popote. Lawama ambazo Landu analitupia Kanisa si za kubuniwa. Tangu siku za Wabelgiji palikuwa na wakubwa wa Kanisa waliokula meza moja na watawala, na wazee wetu wanalijua hilo. Lakini mtungaji hawapambi waasi pia. Wanasema wanawapigania maskini, na papo hapo roho ya mtu kwao ni kitu kidogo. Msomaji wa Kongo atakumbuka mara moja maasi ya mwaka 1964, Mulele alipoanza kule Kwilu, na Wasimba walipouteka mji wa Stanleyville, ambao leo ni Kisangani. Nao walisema kwamba wanaleta uhuru wa pili kwa wanyonge. Na ni mikono ya Wasimba hao iliyomwua Mwenye Heri Anuarite kule Isiro, tarehe 1 Desemba 1964, binti wa watu wanyonge kabisa. Kijana anayedhani kwamba bunduki itamsafishia nchi yake akisome kitabu hiki pamoja na maisha ya Anuarite.

Lakini kazi ya kuhakiki si kusifu tu. Kitabu hiki kina upungufu, na upungufu huo unatuhusu. Hadithi karibu yote inapita katika kinywa cha Landu. Twasikia mawazo yake, mashaka yake, aibu yake, elimu yake. Maskini ambao kwa ajili yao aliiacha altare twawasikia kwa mbali sana. Hatujui wanakula nini, wanamzika nani, wanasali vipi wakati padre wao amekwenda porini. Parokia aliyoiacha imepata nani wa kuibatizia watoto? Hatuambiwi. Labda mwenye kukitetea kitabu atasema kwamba mtungaji amefanya hivyo kwa makusudi, apate kutuonyesha kwamba Landu hamwoni mtu mwingine ila nafsi yake. Yawezekana, na ikiwa ndivyo, amemchora vizuri sana. Hata hivyo msomaji anafunga kitabu bila kumwona hata mtu mmoja ambaye Landu alimsaidia kweli.

Na hapo ndipo tunapopata, kwa maoni yetu, somo kubwa la kitabu. Landu hakushindwa kwa sababu alikuwa mwoga, wala kwa sababu siasa ni uchafu usioguswa na Mkristu. Alishindwa kwa sababu alikwenda kwa waasi kutafuta amani ya dhamiri yake mwenyewe. Alitaka kuwa safi. Kanisa lilipomchafua alikimbilia mapinduzi. Mapinduzi yalipomchafua alikimbilia ndoa. Ndoa ilipomlemea alikimbilia monasteri. Kila mlango anaoufungua ni wa kutokea. Mtu wa namna hii akiingia chama, chama kitamvunja moyo. Akikiacha, hata kule kuacha kutamvunja moyo.

Sasa tutazame kwetu. Kwa nini tunasema kwamba jambo hili ni la Oicha? Tangu tarehe 2 Oktoba 2014 watu wa wilaya yetu wamechinjwa katika vijiji na mashamba yao, mwaka hata mwaka. Vijana wetu hawakukaa kimya. Waliandamana, walifunga maduka, walilala barabarani, walipeleka barua kwa wakubwa. Tarehe 30 Desemba 2018, karibu nchi nzima ilipopiga kura, Beni na Butembo ziliwekwa kando. Tume ya Uchaguzi ilitaja ugonjwa wa Ebola na ukosefu wa usalama. Siku hiyo watu wa Beni walijipangia kura yao wenyewe, wakasimama kwa mistari, wakijua kwamba haitahesabiwa. Wilaya yetu ilipokuja kupewa kura ya wabunge, mwezi wa Machi 2019, Rais alikuwa amekwisha kuapishwa tangu Januari. Mwezi wa Aprili 2021 wanafunzi wa Beni walikwenda kuketi kwenye ofisi ya meya, wakidai Rais aje ajionee. Mwezi wa Mei serikali ilitangaza utawala wa kijeshi, na wengi walitumaini. Lakini mauaji hayakukoma.

Basi, nani atashangaa akiwaona vijana wale wale waliobeba mabango wakiwa sasa wamekaa nyumbani? Wengine wanalima kakao, wakipata nafasi ya kufika shambani bila kuuawa. Wengine wamevuka kwenda Uganda. Wengine, na hili latuhuzunisha zaidi, wamechukua silaha. Nao wazazi wanasema: tuliwaambia tangu mwanzo, siasa haina faida. Na pengine sisi tunaofundisha dini tunawatia woga wale waliochoka, tukiwaita walegevu. Au tunawasifu mno, tukisema kwamba sasa wamepata akili. Maneno hayo yote mawili twayakataa.

Tumkumbuke nabii Elia. Alishindana na mfalme Ahabu na malkia Yezabeli, akaona mapambano yake yote hayakubadili kitu, akakimbilia jangwani, akaketi chini ya mti, akaomba afe. Je, Mungu alimkaripia? Hapana. Malaika alimletea mkate na maji, akamwacha alale, akamletea tena. Baadaye tu, katika mlima wa Horebu, Mungu alimwuliza anafanya nini huko. Kisha akamrudisha kwa kazi nyingine, na akampa Elisha, mtu wa kusaidiana naye. Hii ndiyo njia ya Mungu na mtu aliyechoka: kwanza mkate, kisha swali, kisha kazi, kisha mwenzi. Landu alikosa karibu yote haya. Hakupewa mkate na ndugu zake mapadre, wala hakupata mwenzi porini.

Kwa hiyo kuacha chama si dhambi. Chama ni chombo, na chombo chaweza kuharibika, au kuangukia katika mikono mibaya. Wahenga wamesema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Dhambi ni kumwacha jirani. Kijana akiacha maandamano kwa sababu ameona viongozi wake wameuza sauti za wenzao kwa fedha, amefanya vema. Lakini akimwacha na mjane wa yule aliyeuawa, akawaacha na wakimbizi waliojaa katika nyumba zetu, akasema kwamba hayo yote ni siasa, amekuwa ndugu yake Landu, hata kama hajasoma ukurasa mmoja wa kitabu.

Mtu atauliza: je, bila chama na bila bunduki, kuna kazi gani yenye maana? Jimbo letu na majirani zetu wamekwisha kutujibu. Padre Vincent Machozi, Mwasumpsionisti, aliandika habari za mauaji ya watu wetu ili dunia isiseme haikujua; aliuawa Vitungwe, karibu na Butembo, tarehe 20 Machi 2016. Askofu Mkuu Kataliko, aliyekuwa Askofu wa Butembo-Beni miaka mingi, alisema kweli kule Bukavu juu ya wale walioila nchi. Mwaka 2000 waasi wa RCD walimfukuza wakamrudisha Butembo kama mfungwa, akakaa huko miezi saba hivi. Hakuwa na chama, nao walimwogopa. Mwenye Heri Floribert Bwana Chui wa Goma alikuwa mtumishi wa ofisi inayokagua bidhaa mpakani. Alikataa rushwa ili vyakula vilivyoharibika visiingie vikawadhuru maskini, akauawa mwezi wa Julai 2007, akiwa na umri wa miaka 26. Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri tarehe 15 Juni 2025. Yeye hakuongoza maandamano yaliyompa jina. Alisema hapana mezani pake, siku ya kazi.

Na juu ya monasteri twataka kusema neno moja, ili msomaji wa Mudimbe asidhani kwamba utawa ni pango la waliokata tamaa. Watawa saba wa Tibhirine, katika Aljeria, walikuwa Wasistersiani wa namna ya Watrapisti. Vita vilipowakaribia walishauriwa kuondoka. Walibaki, kwa sababu majirani zao, Waislamu maskini, hawakuwa na mahali pa kukimbilia. Walitekwa na kuuawa mwaka 1996, na mwaka 2018 wametangazwa Wenye Heri. Walikuwa wameacha mambo ya dunia, lakini jirani hawakumwacha. Landu naye alivaa kanzu kama yao. Kitabu hakituambii kama alipata pia moyo wao, na sisi hatuwezi kumhukumu.

Shauri letu basi ni hili. Wale wajuao Kifaransa wakisome kitabu hiki, wawasimulie wengine katika jumuiya ndogo ndogo, nao wazungumze bila kuogopana. Wakubwa wa parokia wasiwaache peke yao vijana waliorudi kutoka katika mapambano wakiwa na uchungu. Wawakaribishe, wawape kitu cha kula, wawasikilize kabla ya kuwafundisha. Kisha wawaonyeshe kazi isiyongoja uchaguzi: kuandika majina ya waliouawa yasipotee, kuwapeleka yatima shuleni, kulima pamoja shamba la mjane, kuisaidia Tume ya Haki na Amani kupata habari za kweli. Na yeyote atakayeona baadaye kwamba dhamiri yake inamwita tena katika siasa, arudi kwa amani. Lakini kabla ya kurudi ajiulize jambo ambalo Landu hakujiuliza: ninakwenda kwa ajili ya nani? Akiweza kumtaja mtu huyo kwa jina, na kuionyesha nyumba yake hapa Oicha, aende, na Mungu awe pamoja naye.