Jina na Namba: Uhakiki wa Ushahidi wa Ushanga katika Njia ya Misafara ya Tabora

Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, na kutoka hapo hadi Ujiji, ilibeba ushanga wa kioo kama bidhaa na kama fedha. Richard Burton, aliyefika Kazeh, karibu na Tabora ya leo, mnamo Novemba 1857, aliorodhesha aina zake katika kitabu chake The Lake Regions of Central Africa (1860). Orodha hiyo ina thamani kubwa, lakini ushahidi wake ni wa soko, si wa mata.

Mfano ni samesame, ushanga mdogo mwekundu kama marijani, uliopakwa juu ya kioo cheupe. Jina lake jingine, kimara pamba, lilidokeza kwamba mtu angetoa hata chakula chake ili aupate. Maelezo hayo yanapima rangi na tamaa. Hayabainishi iwapo kioo ni cha soda na chokaa au kina risasi, kwani vyote viwili huweza kutiwa rangi nyekundu.

Upimaji wa sifa za kidaielektriki unaweza kupunguza pengo hilo bila kuuvunja ushanga. Kioo huwekwa ndani ya kasha la metali lenye mawimbi ya mikrowevu. Kushuka kwa frikwensi ya mwangwi huonyesha permitiviti. Kufifia kwa mwangwi huonyesha nishati inayopotea. Silika safi ina permitiviti ya takriban 3.8, ilhali kioo cha soda na chokaa hukaribia 7, na upotevu wake wa nishati ni mkubwa zaidi.

Hata hivyo, namba nayo ina mipaka. Hesabu yake hudai ujazo na umbo vijulikane, na tundu la uzi lipunguzwe katika ujazo huo. Kwa samesame, tabaka mbili za kioo hutoa wastani mmoja usioeleza tabaka yoyote peke yake. Tena, michanganyiko tofauti huweza kutoa permitiviti ileile. Hivyo karakana ya asili haisomeki humo.

Jicho huona tabaka ya juu. Mawimbi hupima mwili mzima. Jina huhifadhi thamani. Ushanga uliokataliwa njiani uligeuka mzigo mtupu, ingawa kioo chake hakikubadilika. Kwa hiyo, utafiti unaonakili namba na kuacha jina hupoteza nusu ya ushahidi.