Tiyo Soga na Wimbo wa Ahadi

Tiyo Soga alizaliwa mwaka 1829 miongoni mwa Waxhosa wa Afrika Kusini. Baba yake alikuwa diwani wa Mfalme Ngqika. Mama yake, Nosuthu, alikuwa Mkristo. Alisoma Lovedale, akavuka bahari mara mbili kwenda Uskoti, na mwezi wa Desemba 1856 akawekewa mikono kuwa mchungaji wa Kanisa la Presbiteri.

Aliporejea mwaka 1857 alikuta maafa. Msichana Nongqawuse alikuwa ametabiri kwamba watu wakichinja ng'ombe wao na kuteketeza nafaka, wafu wangefufuka. Hawakufufuka, na maelfu kwa maelfu walikufa kwa njaa. Basi, msomaji, fikiri: watu walioumizwa na ahadi ya namna ile walifundishwa na Soga kuimba wimbo unaoanza kwa kumwomba Mungu atimize ahadi yake. Ndiyo maana ya jina lake, "Lizalis' idinga lakho". Neno ahadi lilikuwa kidonda kibichi, naye hakulikwepa.

Katika wimbo huo mataifa yote husimama mbele ya Mungu kwa daraja moja, na mwombaji husihi kizazi cha nchi yake kisiangamie. Maneno haya si pambo la kanisani. Mwaka 1865 mmisionari John Chalmers, rafiki yake, aliandika gazetini kwamba Waxhosa walikuwa wakielekea kutoweka. Soga alimjibu katika gazeti jingine kwa jina la kujificha, akashikilia kwamba watu weusi watadumu. (Chalmers huyo huyo ndiye aliyekuja kuandika maisha ya Soga, kitabu kilichotoka mwaka 1877, na kisomwe kwa tahadhari.) Kwangu mimi, jibu lile na wimbo ule ni kazi ya moyo mmoja.

Hata hivyo nina neno la lawama. Wimbo huungama dhambi za nchi ya mtunzi, lakini walionyakua ardhi ya nchi hiyo hawatajwi hata kwa fumbo. Huenda mchungaji aliyelelewa na wamisheni hakuweza kusema zaidi madhabahuni. Mimi hupenda zaidi ukali wa jibu la gazetini.

Soga alifariki mwezi wa Agosti 1871. Mwaka 1912 wimbo wake uliimbwa Bloemfontein, katika mkutano ulioanzisha chama kilichokuja kuitwa African National Congress. Mwaka uliofuata ikapitishwa sheria iliyowakataza Waafrika kununua ardhi katika sehemu kubwa ya nchi yao.