Kiharusi, Kupooza na Ububu: Uhakiki wa Baadhi ya Istilahi za Ubongo

Istilahi hupimwa kwa mizani mbili: je, inasema kweli juu ya kitu kinachotajwa? Na je, inamfikia mtu anayeihitaji? Katika makala haya tunakusudia kuzipima kwa mizani hizo baadhi ya istilahi zinazotumika kwa tabaka la nje la ubongo, na kwa maradhi yatokeayo tabaka hilo linapodhurika.

Jambo lililotusukuma kuandika lilitokea Sinza, jijini Dar es Salaam. Mzee mmoja, jirani yetu, aliamka asubuhi akisema mfululizo. Maneno yalitiririka kwa lafudhi yake ile ile, lakini hayakuwa na maana, wala hakuelewa aliyoambiwa. Mikono na miguu ilikuwa mizima. Mkewe alipotaka apelekwe hospitali, wakubwa wa ukoo walimjibu, "Shemeji, hiki si kiharusi, mbona hajapooza? Huu ni wazimu, au upepo mbaya." Zikapita siku mbili. Daktari aliyempima hatimaye alisema kuwa ni kiharusi, na kwamba kilichodhurika ni upande wa kushoto wa ubongo.

Ndugu wale hawakukosa huruma. Msamiati waliokuwa nao ndio uliowapoteza. Katika mazungumzo yetu, na hata katika baadhi ya maandishi ya afya, maneno "kiharusi" na "kupooza" hutumiwa kana kwamba ni neno moja. Kiharusi ni maradhi: mshipa wa damu wa ubongo umeziba au umepasuka. Kupooza ni dalili mojawapo tu, nayo huonekana iwapo sehemu iongozayo viungo imedhurika. Damu ikikosekana katika gamba la kisogoni, mtu hupofuka ilhali macho yake ni mazima. Ikikosekana upande wa kulia, karibu na utosi, huenda akala chakula cha nusu ya sahani, asitambue kuwa upande wa kushoto upo. Watu hawa hawakupooza, nao wana kiharusi. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hufaa kutolewa ndani ya saa 4 na nusu, kwa hiyo neno lipotoshalo huweza kugharimu uhai. Wala jambo hili si dogo kwetu. Utafiti uliofanywa kati ya 2003 na 2006 ulikadiria wagonjwa wapya wa kiharusi kwa mwaka kuwa takriban 316 katika kila watu 100,000 jijini Dar es Salaam, na takriban 109 wilayani Hai.

Istilahi ya pili tunayoitilia shaka ni "kituo", kama katika "kituo cha lugha". Mwaka 1861 daktari Mfaransa Paul Broca alieleza habari za mgonjwa ambaye karibu silabi moja tu ndiyo iliyombakia, ingawa alielewa mengi. Ubongo wake ulikutwa umeharibika sehemu ya mbele, upande wa kushoto. Mwaka 1874 Carl Wernicke, wa Ujerumani, alieleza wagonjwa wa namna ya mzee wetu wa Sinza, ambao kidonda chao kilikuwa nyuma zaidi, karibu na sikio. Basi lugha haikai mahali pamoja kama basi lililoegeshwa kituoni. Hupita katika maeneo kadhaa yaliyounganishwa. Kwa sababu hiyo twaona "eneo" ni bora: eneo la Broca, eneo la Wernicke.

Tatu, mgonjwa aliyepotewa na lugha huitwa "bubu", au husemwa "amepoteza sauti". Sauti anayo. Ububu, kwa mazoea yetu, hufuatana na uziwi wa tangu utotoni, na bubu ana lugha yake ya alama. Aliyedhurika eneo la lugha huweza kushindwa hata kuandika na kusoma. Kumwita bubu ni kumfungia mlango wa mazoezi ya usemi, ambayo humsaidia. Hapa hatuoni aibu kukopa: "afasia" ni neno fupi, latamkika, na halina historia ya kumtweza mtu. Itoshe kuongeza "afasia ya usemi" na "afasia ya uelewa" ili kutofautisha aina hizo mbili.

Kuhusu "gamba la ubongo", yapo malalamiko kwamba gamba ni kitu cha kuvuliwa na kutupwa, kama la nyoka. Malalamiko hayo yana haki, maana tabaka hili, lenye unene wa milimita 2 hadi 4 hivi, ndilo la kufikiri na kutambua. Hata hivyo neno la Kilatini lililoigwa lilikuwa na maana ya gome la mti, na halikumpoteza mtu yeyote. "Gamba" nalo halimcheleweshi mgonjwa nyumbani. Liachwe.

Kwa ufupi, twapendekeza "kiharusi" libaki jina la maradhi na "kupooza" jina la dalili. "Eneo" lishike nafasi ya "kituo". Na "afasia" iingie katika mabango ya zahanati kama ilivyo katika vitabu. Juu ya mengine twaweza kubishana bila haraka. Juu ya la kwanza, wasomaji, muda wa kubishana ni mfupi, kwa kuwa mgonjwa mwenyewe hawezi kutusahihisha.